Ulinganisho: matangazo ya vitu na ratiba ya sinema kwa wanachuo wa Mwanza. Ubao, WhatsApp au karatasi?

Kandambili_Malimbe (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Naomba tulinganishe kabla sijatoa hela mfukoni. Tupo wanne: wawili Malimbe, mmoja Bugando, mmoja Butimba kwa walimu. Kila Julai tunaona kitu kilekile. Mtu amemaliza UE (mtihani wa mwisho wa chuo), basi lake linaondoka Nyegezi alfajiri, godoro na mtungi wa gesi vinamsumbua, anamwachia mwenye nyumba kwa bei ya soda. Miezi mitatu baadaye mwaka wa kwanza anashuka stendi hiyohiyo na begi moja, boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) halijatoka, ananunua godoro dukani kwa hela aliyopewa na mjomba wake. Au ananunua lile la Julai kwa mwenye nyumba, kwa bei inayokaribia ya dukani. Aliyeondoka na aliyekuja hawakukutana, na hapo ndipo mwenye nyumba anapopata chake.

Jambo la pili ni sinema. Kuna ukumbi wa chuo unaonyesha filamu Ijumaa, kuna vibanda umiza (vile vibanda vya mtaani vya video na mpira), kuna watu wenye projekta wanaozunguka. Ratiba anaijua anayeishi jirani tu. Sisi wengine tunaamka Jumamosi tunaambiwa jana kulikuwa na muvi kali.

Tunataka kuviweka mahali pamoja. Njia tulizozijadili ni ubao kwenye kila geti, grupu la WhatsApp, karatasi ya A4 ya kila wiki (mbele vitu, nyuma sinema), au tusihangaike kabisa, tuwaambie watu waende Jiji (ile tovuti ya kuuza na kununua) na Facebook. Mimi naegemea karatasi. Nakala 200, fotokopi pande mbili Sh 100, jumla Sh 20,000 kwa wiki. Tangazo moja Sh 500, tukipata 40 hela imerudi.

Nipingeni. Na kwa kuwa nimeshika kipaza sauti: nauza kitanda cha mbao futi 4 kwa 6, Sh 60,000, kipo Malimbe, nahama mwisho wa mwezi.

Ngosha_wa_Igoma

Karatasi? Mwaka huu? Fungua grupu mkuu, tuache utani.

Kitanda mwisho ngapi?

DadaSteshenari

Mdogo wangu, karibu kwenye kazi ambayo mimi naifanya bila mshahara.

Nina steshenari jirani na geti la chuo kimojawapo hapa jijini, sitasema kipi. Mlangoni nina ubao. Nilichojifunza ni kwamba kubandika tangazo hakuna ugumu, kazi ipo kwenye kubandua. Siku moja biashara ilikuwa imelala, nikahesabu karatasi zilizokuwa ubaoni: 41. Nikaanza kupiga namba moja baada ya nyingine. Waliokuwa bado wanauza walikuwa 9. Wengine hawapatikani, wengine waliuza siku ileile waliyobandika. Mmoja alishamaliza chuo, yuko Songea, ananiuliza "friji gani dada?"

Sasa fikiria mteja anayesoma ubao ule. Anapiga namba ya kwanza, imeuzwa. Ya pili, imeuzwa. Ya tatu haiiti. Ya nne hapigi tena, na huenda ya nne ndiyo ilikuwa hai. Matangazo yaliyokufa yanaua na yaliyo hai.

Tangu siku hiyo kila karatasi naiandikia kwa kalamu nyekundu kwenye kona tarehe ya kutoka: siku 14. Ikifika inatoka, umeuza hujauza. Ukitaka kuendelea unakuja tena na Sh 200. Walinung'unika wiki mbili, wakazoea. Ubao wangu sasa una karatasi chache na watu wanasimama kuusoma, kitu ambacho zamani hakikuwepo.

Mawili madogo. Vile vipande vya namba vya kuchana chini ya tangazo, ukikuta vimechanwa vyote usifurahi haraka: mara nyingi ni anayeuza kitu kama chako. Na usibandike karatasi iliyotoka kwenye printa ya wino. Masika ikipiga kutoka ziwani bei yote inateremka ukutani. Piga fotokopi, ile haichuruziki.

Admini_Mstaafu

Ngosha, mimi nilifungua hilo grupu. Nitakusimulia.

Kikomo cha WhatsApp ni watu 1,024. Tulijaa ndani ya wiki mbili, nikajiona nimefanikiwa. Wiki ya tatu kitanda kimoja kilitangazwa mara saba kwa siku, maana kila kikizama mwenyewe anakivuta juu. Wiki ya nne Simba na Yanga walikutana, na kuanzia hapo sikumbuki kama kuna mtu aliuza kitu. Asubuhi salamu na maua, mchana madesa, usiku mtu anatuma ujumbe wa kikombe cha bahati. Tangazo la jiko la gesi lipo hapo katikati, litafute.

Na lile swali. "Bado ipo?" Hasalimii, hasemi anaulizia kitu gani. Nilikuwa nalala naona "bado ipo?"

Lakini hicho sicho kilichonifanya nifunge grupu. Kuna dada alitangaza sufuria, seti ya tano, na namba yake chini. Usiku akapigiwa na watu wanne ambao hawakuwa na shida na sufuria. Mmoja aliendelea mwezi mzima. Alinifuata analia, na mimi ndiye niliyeandika kwenye kanuni kwamba kila tangazo liwe na namba. Baadaye nikasoma kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Sijui kama admini wa grupu la masufuria wanamtafuta, ila sikutaka kusubiri nione.

Kwa hiyo Kandambili, kama ni grupu, wewe peke yako ndiye uandike, mara moja asubuhi na mara moja jioni. Wengine wasome tu. Na kabla hujachapa karatasi yako jiulize namba za mabinti 40 zitakuwa zimekaa kwenye kaunta za kantini ngapi.

DadaSteshenari

Hili la namba nililipata mapema. Kwangu tangazo lina nambari tu: "Na. 17, godoro inchi 6, Sh 35,000, Nyamalango." Namba ya simu ipo kwenye daftari langu. Mteja anaingia dukani, namwangalia usoni, nampigia mwenye godoro mbele yake. Anayetafuta mambo mengine haji kunitazama usoni.

Mzee_wa_Makoroboi

Marahaba kwa wote.

Huo utaratibu wa nambari si mgeni. Magazeti yalikuwa yakifanya hivyo: mtangazaji hajulikani, barua zinakuja kwa mhariri kwa nambari ya tangazo. Naona umerudi kwa mlango wa steshenari.

Kuhusu sinema, nyinyi mnasema "muvi", sisi tulikuwa tunakwenda "kuangalia picha". Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo habari ya picha ilikuwa habari kubwa mtaani. Ratiba ilikuwa bango lenyewe lililochorwa kwa rangi mbele ya jengo, na gari lenye spika likipita mtaa kwa mtaa jioni. Halikusema mengi: jina la picha, saa, na bei ya kiti cha chini na cha juu. Basi. Picha ya Kihindi ya Jumapili watu walipanga mstari bila kuuliza inahusu nini.

Nimeona matangazo yenu ya siku hizi. Rangi kumi na mbili, sura za waigizaji, "usikose", na saa haipo.

Binti_Bugando

Mzee shikamoo. Hapo kwenye saa umenigusa kidonda.

Mwezi uliopita kuna tangazo lilipita kwenye stetasi: "Jumamosi, 7:00, ukumbini". Mimi natoka zamu ya usiku wodini, nikalala kidogo, nikashuka mlima wa Bugando, daladala mpaka Nyegezi, bodaboda mpaka chuoni kwao. Nimefika saa 7 mchana. Namkuta kaka mmoja anafagia. "Dada, filamu saa 1 jioni." Aliyeandika alikuwa amesoma saa kwenye simu yake ya Kizungu, akaiacha hivyohivyo. Mimi nimesoma Kiswahili. Nani mwenye kosa?

Nilirudi Bugando. Sikuiona hiyo filamu hadi leo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: andikeni neno zima. Saa 1:00 jioni. Saa 8:00 mchana. Tarakimu peke yake ni mtego.

La pili ndilo kubwa na halimo kwenye tangazo lolote nililowahi kuona: inaisha saa ngapi? Muda wa kuanza kwangu mimi si tatizo. Hosteli geti linafungwa. Malimbe ni kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, na ukishuka Nyegezi bado hujafika, kuna kipande cha bodaboda. Filamu ya saa 1 jioni ikiisha saa 3 usiku nakuja. Ikiisha saa 4 na nusu daladala zimepungua, bodaboda ananitajia bei anayoijua yeye. Hapo kiingilio cha Sh 1,000 kimeshakuwa Sh 6,000. Mngeandika tu "inaisha saa 3:10 usiku" ningewaheshimu maisha.

Fundi_Projekta

Nakubali kosa kwa niaba ya wenzangu wa projekta. Lakini dada, kuandika muda wa kuisha kunahitaji muda wa kuanza kwanza, na hapo ndipo penye shida.

Mimi naonyesha. Ukumbini, na mara chache nje. Acheni niwaambie jinsi ratiba ya kibanda inavyotengenezwa. Jumatatu mwenye kibanda anapanga filamu ya Jumamosi usiku. Jumatano inatoka habari kwamba mechi imesogezwa. Filamu inakufa papo hapo, maana mpira unajaza mabenchi na muvi inajaza nusu. Alhamisi anapanga tena. Jumamosi mchana umeme unakatika, unarudi saa 11 jioni, watu wanataka mpira wa marudio. Sasa wewe Kandambili umeshapiga fotokopi 200 tangu Jumatatu.

Nje ni habari nyingine. Tulijaribu ufukweni, upande wa Luchelele, skrini ya shuka jeupe, upepo mzuri, watu wamekuja na mikeka. Dakika ya ishirini wale wadudu wa ziwani wakauona mwanga wa projekta. Hawaumi, lakini ni wingu. Walijaa kwenye lenzi, kwenye shuka, kwenye vinywa vya watu. Tulirudisha viingilio. Ratiba gani itakayoonya kuhusu hilo?

Ndiyo maana nasema mnachanganya vitu viwili visivyokaa kikapu kimoja. Ratiba ya sinema ni sato wa leo, ukichelewa ananuka. Tangazo la kitanda ni dagaa aliyeanikwa, wiki mbili hana neno. Sato mpeleke kwenye simu, stetasi ya saa 24 inamtosha. Dagaa waache kwenye karatasi na ubao.

Na neno moja kwa wanaotaka kuanza kuonyesha: ukitoza kiingilio hayo ni maonyesho ya hadhara. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali, na hakimiliki ni ya mwenye kazi. Ile akaunti unayolipia ya kuangalia muvi nyumbani haikupi ruhusa ya kuweka watu 80 kwenye mabenchi. Flashi ya muvi za kutafsiriwa uliyojaziwa kibandani nayo vilevile, hata kama sauti ni ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, na wote tumekua naye.

Kandambili_Malimbe

Hilo la sato na dagaa limenivuruga mpango. Nilikuwa nimeshapenda "mbele vitu, nyuma sinema".

Wa Jiji mbona mmenyamaza?

Laptopu_Kwa_Bei

Tupo, tulikuwa kazini.

Mimi nauza laptopu na simu zilizotumika. Jiji ilichukua OLX hapa Tanzania mwaka 2019, na tangu enzi za OLX mimi nipo. Kwa bidhaa yenye jina na modeli hakuna kinachoishinda, kwa sababu mteja anatafuta kwa jina na anaweza kutoka Geita au Sengerema. Tena tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mtu wa ng'ambo haniambii tena habari za foleni ya kivuko.

Lakini sufuria? Ndoo? Pazia? Hakuna mtu atakayetoka Igoma kufuata ndoo Malimbe. Nauli inazidi ndoo. Kitu cha Sh 10,000 kinauzwa kwa anayeweza kuja kwa miguu, na anayekuja kwa miguu anapita getini.

Simu msiuze bila kumwonyesha mteja IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Bonyeza *#06#, tuma hizo tarakimu kwenda 15090 uone kama jina la simu linalorudi ndilo unaloliona mkononi. Muuzaji akikasirika ukifanya hivyo, ondoka.

Mpangaji_wa_Nyamalango

Naongeza onyo: msitangaze vyumba.

Niliona tangazo la chumba, masta, LUKU yake, maji ndani. Nikapiga, kaka mpole, anasema kuna mwingine analeta hela jioni, nitume advansi anishikie. Nikatuma Sh 50,000. Siku ya kuhamia nimefika na guta limebeba kitanda, nakuta wenzangu wawili uani na magodoro yao, wamekaa juu yake. Tukatazamana. Mama mwenye nyumba anatoka anauliza sisi ni akina nani. Chumba kilikuwa na mtu, na alikuwa hahami.

Namba yake tuliiripoti kwa 15040, ile ya kuripoti matapeli. Hela ndiyo imekwenda. Yule wa tatu siku hizi ni rafiki yangu, tunapanga pamoja.

Dalali_Mstaarabu

Pole ndugu yangu. Ndiyo maana sisi tupo.

Watu wanalalamika dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Ninachouza ni kwamba nimefungua huo mlango kwa mkono wangu na mwenye nyumba ananijua. Karatasi ya Kandambili haiwezi kufungua mlango.

Mpangaji_wa_Nyamalango

Na ile hela ya "kuoneshwa" hata usipokipenda chumba ni ya nini?

Dalali_Mstaarabu

Viatu.

Admini_Mstaafu

Nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia.

Ila tuwe wakweli, vyumba ndivyo watu wanavyotafuta zaidi ya vitanda. Ukivikataa watavitangaza kwingine. Ningeweka sharti: chumba kinaingia kama mmoja wenu wanne amekanyaga mlangoni na kuongea na mwenye nyumba, na chini yake mnaandika kwa herufi nene kwamba hela haitumwi kabla ya funguo. Hamna miguu ya kufika? Msikichapishe.

Kandambili_Malimbe

Sawa wakuu, tulikaa jana usiku sisi wanne, tumeamua hivi.

Karatasi inabaki, lakini ni ya vitu peke yake na inatoka kila baada ya wiki mbili. Kila tangazo na tarehe yake ya kufa, kwa nambari, bila simu. Daftari la Malimbe nitalishika mimi. Bugando na Butimba kila mmoja na lake, na matangazo hayachanganywi, kwa sababu ya ile hoja ya ndoo. Vyumba kwa sharti la Admini. Laptopu na simu tunawaelekeza Jiji, na ule utaratibu wa IMEI tunauchapa pembeni.

Nilikosea kwenye hesabu pia. Matangazo 40 hayapatikani kwenye chuo kimoja kwa wiki. Tulizunguka tukapata 13. Kwa hiyo nakala ni 60 tu, moja kila steshenari na kantini, nyingine chache za mkononi. Sh 6,000. Kumi na tatu kwa Sh 500 ni 6,500. Faida ni mia tano, tutanunua maandazi.

Julai ndiyo tutachapa nyingi. Anayeondoka akikosa mteja tunaandika kitu chake kwenye daftari, na kama ana rafiki anayebaki wa kumwekea stoo, Oktoba tunakirudisha kwenye karatasi. Huyo mwenye stoo tutamlipaje bado hatujui.

Sinema inakwenda stetasi. Fundi ananitumia saa 4 asubuhi siku ya onyesho, sio kabla. Jina, saa kwa neno zima, kiingilio, inaisha saa ngapi. Binti_Bugando atasoma kabla haijatoka. Akisema haeleweki, haitoki.

Binti_Bugando

Nimekubali kazi. Malipo ni kiti cha mbele.

Fundi_Projekta

Cha mbele karibu na lenzi kuna wale wadudu dada. Chukua cha katikati.

Mzee_wa_Makoroboi

Wabeja. Na bango la rangi mmelisahau, lakini haya.

Ngosha_wa_Igoma

Kitanda bado kipo?

Kandambili_Malimbe

Kimeenda juzi, Ngosha, kwa 55,000. Nilikibandika kwa DadaSteshenari, Na. 22. Aliyenunua ni mpangaji wa chumba tunachotazamana mlango kwa mlango. Mwaka mzima tunasalimiana tukienda kuchota maji, hakujua nauza, nami sikujua analala chini.

DadaSteshenari

Nimeshabandua. Ila ile 200 uliyoongeza ya wiki mbili zijazo hairudi.